Asimetria: Urari wa Pande Zisizofanana

Ukiagiza sofa kwa fundi wa Kilosa, swali la kwanza ni la idadi: watu wangapi? Jibu lililozoeleka ni saba, yaani sofa la watatu, la wawili na viti viwili vya mtu mmoja mmoja. Vikipangwa kwa kutazamana, meza katikati, chumba huwa na simetria, au ulinganifu: mstari ukipita katikati, upande huu unafanana na ule.

Kinyume chake ni asimetria. Wengi huitafsiri “kutolingana”, neno linalosikika kama kasoro. Lakini mbunifu hakusudii vurugu. Anaondoa ufanano wa pande, anabakiza urari. Urari tunaujua katika ushairi, kwenye vina na mizani, na katika uhasibu, ambako pande mbili za daftari zina tarakimu tofauti na jumla ileile. Kwa hiyo napendekeza “urari wa pande zisizofanana”; asimetria libaki jina fupi la kazini.

Kanuni yake ni ile ya wenzo: mzigo mzito ulio karibu na egemeo husawazishwa na mwepesi ulio mbali. Sebuleni, uzito ni wa macho. Umbo kubwa na rangi iliyokoza huvuta jicho. Sofa la watatu likae karibu na katikati; upande wa pili, mbali kando ya dirisha, kiti kimoja cha mninga na taa ya kusimama vyatosha.

Hapo huingia istilahi ya pili, ulinganuzi wa malighafi. Kulinganisha ni kutafuta mfanano. Kulinganua ni kudhihirisha tofauti. Kitu kinachokwaruza hufifisha mwanga, kilicho laini huurudisha, hivyo kila kimoja humdhihirisha mwenzake. Wilaya ya Kilosa haikosi vya kutumia: ukuta mmoja wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu, zulia la katani, zao la mashamba yake makubwa, au, kwa sebule ya Mikumi yenye vigae vinavyong’aa, mkeka wa ukili. Malighafi tatu zinatosha, na moja ijirudie upande wa pili ili tofauti ionekane imekusudiwa.

Mtindo huu unazifaa hasa nyumba za korido. Sebule ya nyumba hizo ina mlango wa barazani na mwingine wa koridoni. Kuta zimekwisha kuliwa na milango hiyo, na chumba chenyewe hakina pande pacha. Ukiilazimisha seti ya watu saba humo, mgeni hupita kwa kujipenyeza ubavu.

Basi kabla ya kuagiza, pima njia ya kupita, kisha agiza viti kimoja kimoja. Baada ya kupanga, ondoa kitu kimoja: chumba kikiinamia upande, rudisha kitu hicho; chumba kisipobadilika, kitu hicho hakikuwa na kazi.