Gari la Zamani Lisilowaka: Namna ya Kubaini Hitilafu ya Mfumo wa Mafuta

Katika maeneo ya vijijini mkoani Pwani, ikiwemo Marui na maeneo mengine yanayotegemea gereji za Kisarawe na Kibaha, gari la zamani bado hubeba mihogo na korosho kwenda sokoni na, inapobidi, mgonjwa kwenda hospitali. Gari hilo linapokataa kuwaka, wamiliki wengi hununua pampu au kabureta kabla chanzo cha tatizo hakijajulikana. Njia iliyo sahihi na nafuu ni kuyafuata mafuta hatua kwa hatua, kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini, na kubaini mahali yanapokatika.

Tahadhari ya moto

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuwaka kwa cheche ndogo. Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha Msamvu, Morogoro, kufuatia moto wa petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori lililopinduka. Ukaguzi ufanyike mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na taa ya moto, huku mchanga mkavu au kizimamoto kikiwa karibu. Mafuta yasivutwe kwa mdomo. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114.

Hatua za ukaguzi

Kwanza, ihakikishwe kuwa stata inazungusha injini kwa nguvu. Ikizunguka kwa uzito, tatizo laweza kuwa betri au nyaya zake, si mafuta.

Pili, yakaguliwe mafuta ndani ya tangi. Geji ya gari la zamani inaweza kuonyesha mafuta yasiyokuwepo. Kifuniko cha tangi nacho kifunguliwe: hewa ikisikika ikiingia kwa kasi, tundu lake la kupitishia hewa huenda limeziba, hivyo pampu inashindwa kuvuta.

Tatu, kwa gari la petroli, zifunguliwe plagi baada ya kupiga stata mara kadhaa. Plagi kavu huashiria kuwa mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa huonyesha kuwa mafuta yanafika, na uchunguzi uelekezwe kwenye umeme wa cheche au kwenye kabureta inayomwaga mafuta kupita kiasi.

Nne, kwa gari lenye kabureta, bomba linaloingia kwenye kabureta lichomolewe na kuelekezwa kwenye chombo. Waya mdogo wa kupeleka umeme kwenye koili uchomolewe pia, kisha stata ipigwe kwa muda mfupi, injini ikiwa imepoa. Mafuta yakitoka kwa nguvu, hitilafu ipo mbele: boya, sindano au matundu ya kabureta. Yasipotoka, ukaguzi urudi nyuma kwenye pampu, chujio na bomba la kutoka kwenye tangi. Gari linalozimika wakati wa joto kali na kuwaka likipoa huenda mafuta yake yanageuka mvuke ndani ya bomba.

Gari la petroli lisilo na kabureta hutumia pampu ya umeme, ambayo kwa kawaida husikika kwa sekunde chache swichi inapofunguliwa. Isiposikika, fyuzi na rilei zikaguliwe kwanza. Mabomba yake yana shinikizo kubwa, hivyo yafunguliwe na fundi.

Kwa gari la dizeli, chanzo cha kawaida ni hewa iliyoingia kwenye mabomba, hasa baada ya mafuta kwisha au chujio kubadilishwa. Hewa huondolewa kwa kulegeza skrubu ya juu ya chujio na kusukuma pampu ya mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu. Mkono usiwekwe kwenye nozeli inayorusha mafuta, kwa kuwa mrusho wake hupenya ngozi.

Mafuta yasiyofaa

Mafuta kidogo yawekwe kwenye chupa safi ya kioo na kuachwa yatulie. Maji, yakiwemo, hukaa chini. Mwaka 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha uwekaji wa vinasaba ili kudhibiti uchakachuaji, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine. Mnunuzi anapaswa kudai na kutunza risiti, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake wa kwanza anapowasilisha malalamiko EWURA.

Iwapo mafuta yanafika yakiwa safi na gari bado haliwaki, likabidhiwe kwa fundi mwenye ujuzi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya ufundi wa magari na pia huwatambua kwa vyeti mafundi waliojifunza kazini. Mmiliki anayemweleza fundi ni hatua ipi mafuta yalikatika humwokoa na kazi ya kubahatisha, naye huepuka kulipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu.