Nyaya za matatu: Viraka havitoshi

Matatu inapoongezewa spika, televisheni na taa za rangi, mara nyingi mzigo huo wote hutwikwa nyaya ambazo kiwanda hakikuzikusudia kazi hiyo. Mitambo ya muziki ya wati 600 katika gari la volti 12 huhitaji mkondo wa ampea 50. Waya mwembamba ukibebeshwa mkondo huo hupata joto, plastiki yake huyeyuka na gari laweza kuteketea.

Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Inapokatika kila mara, wapo mafundi ambao huweka kubwa zaidi. Hapo waya wenyewe hugeuka fyuzi, nao hukatika kwa kuungua.

Gari lililojaa viungo vya aina hiyo lafaa kufumuliwa nyaya zote na kufungwa upya. Fundi huanza kwa kufungua upande hasi wa betri, kisha huchora njia ya kila waya na kuutia alama kabla ya kuung'oa. Kila kifaa kizito hupewa waya wake mnene, fyuzi yake karibu na betri, pamoja na rilei ili swichi isibebe mkondo wote. Waya unapopenya bodi huvishwa mpira usije ukakwaruzwa. Hatimaye, kila njia hupimwa kwa mita kabla ya dari na viti kurudishwa.

Kazi hiyo humnyima mwenye gari mapato ya siku kadhaa. Hata hivyo, asiyeziba ufa hujenga ukuta, na abiria hana njia ya kuuona ufa huo.