Kiingereza cha Mpakani: Ubao Ulikuwepo, Vitabu Vilikosekana

Wanyamwanga wa Tunduma na Wanyamwanga wa Nakonde ni watu wamoja. Wanaoana, wanazikana, wanakopeshana mahindi, na mtu akitaka kugombana na shemeji yake wa upande wa pili hahitaji mkalimani. Kilichowatenga ni mkataba uliotiwa saini Berlin, Julai 1890, kati ya Waingereza na Wajerumani. Waingereza walitaka njia ya kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ile iliyoitwa Barabara ya Stevenson, ibaki upande wao. Wakaipata. Mpaka ukapitishwa kwa kuifuata biashara hiyo, na wenyeji wakaja kujua baadaye kwamba wamekuwa watu wa nchi mbili.

Juu ya ardhi iliyogawanywa wanahistoria wameandika sana. Mimi kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia kitu kingine kilichogawanywa siku ile bila kutajwa kwenye mkataba: lugha ya kusomea.

Tuanze na upande wa kusini. Miaka ya 1890 wamisionari wa Uskoti, wale wa Livingstonia, walifungua kituo Mwenzo, karibu na Nakonde ya leo. Chuo chao kikubwa, Overtoun, kilikuwa upande wa Malawi, na huko Kiingereza kilifundishwa kwa dhati. Mnyamwanga mmoja, Donald Siwale, alipita katika chuo hicho, akarudi Mwenzo kuwa mwalimu. Mwaka 1912 yeye na wenzake wachache, akiwamo David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, walianzisha Mwenzo Welfare Association. Vita Kuu ya Kwanza ikakivuruga chama hicho, maana mapigano yalipita mlangoni kwao, lakini 1923 wakakifufua. Kinatajwa katika vitabu vya historia ya Zambia kama mbegu ya siasa za kudai haki. Nami huwa nakitazama kwa jicho la msomaji: walimu wa kijijini, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Tunduma, tayari walikuwa wanatumia elimu yao kusemezana na serikali.

Kaskazini ya mstari mambo yalikwenda vingine. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili. Makarani na maakida wao walikitumia hadi huku milimani ambako hakikuwa lugha ya nyumba yoyote. Wamoraviani walipofika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19 walishika lugha ya wenyeji, na mmisionari Traugott Bachmann akalitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya vita, wakakikuta Kiswahili kimekwisha kutandazwa, wakakitumia hicho hicho. Gazeti la serikali la Mambo Leo lilianza 1923, mwaka ule ule wa kufufuka kwa chama cha kina Siwale. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusanifu Kiswahili. Shuleni, madarasa ya chini yalisoma kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa cha wachache waliopenya kwenda juu.

Uhuru ulipokuja, mpaka wa lugha ukawa mkali zaidi kuliko wakati wa mkoloni. Zambia, katikati ya miaka ya 1960, ikaamua mtoto asome kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tanzania, 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, ikaamua shule ya msingi yote iwe ya Kiswahili, na sekondari ibaki kwa Kiingereza. Ndugu wawili, binamu kabisa, mmoja akawa anaandika "mother" na mwingine "mama", na wote wawili nyumbani wanaongea Kinyamwanga.

Nimekulia Mbozi nikisikia kwamba Wazambia ndio waliopata. "Wenzetu wanajua Kiingereza" ilikuwa ni sentensi ya kufungia mabishano. Wapo wazazi wa Tunduma waliovusha watoto wao kwenda kusoma Nakonde kwa sababu hiyo, na hata leo wapo. Sasa tazama kilichotokea pale watafiti walipowapima watoto kwa kalamu. SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, uliwapima wanafunzi wa darasa la sita katika kusoma, kila nchi kwa lugha yake ya kufundishia. Katika awamu ya 2007 Tanzania Bara ilipata wastani wa alama 578, Zambia 434. Awamu ya 2000 ilikuwa imetoa picha hiyo hiyo: 546 kwa 440. Watoto wetu walipimwa kwa Kiswahili, wa Zambia kwa Kiingereza. Yaani wale tuliowaonea wivu walikuwa miongoni mwa waliofanya vibaya zaidi katika ukanda mzima, na sisi tuliojiona nyuma tulikuwa karibu na kilele.

Tusishangilie mapema. Namba hizo zinasema mtoto wa Tunduma wa darasa la sita alijua kusoma, na kwamba wa Nakonde alikuwa akibabaishwa na lugha asiyoisikia nyumbani. Zambia yenyewe iliona. 2014 ikarudisha lugha za nyumbani katika madarasa manne ya mwanzo, ingawa huko Nakonde lugha rasmi ya eneo ni Kibemba, na Mnyamwanga atakwambia hicho nacho si chake. Lakini huyu wa kwetu, msomaji hodari wa Kiswahili, baada tu ya kumaliza darasa la saba alikuwa anakabidhiwa kitabu cha baiolojia cha kidato cha kwanza, na usomaji wake wote ukafutika kama chaki.

Hilo nalo lilijulikana mapema. Tume ya Makweta ilipotoa ripoti yake 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kuingia sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba hata katika kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza ndiyo kwanza yaanze. Soma tena: kidato cha nne, mwisho wa safari, na tisa katika kumi hawajafika mlangoni. Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa kusema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, na sina ugomvi na usemi huo. Ila ni yeye huyo huyo aliyekaa na Shakespeare akamtafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu aliyefanya kazi ile alijua kabisa kwamba Kiingereza mtu hukipata ndani ya kurasa.

Baada ya ripoti ya Criper na Dodd, Uingereza ilifadhili mradi wa kuinua ufundishaji wa Kiingereza, ukaanza 1987. Sehemu yake iliyonivutia kuliko zote ni ndogo sana: masanduku ya vitabu vya hadithi, vya Kiingereza chepesi, vilivyopangwa kwa ngazi, yakapelekwa sekondari ili wanafunzi wasome tu. Wasome kwa kufurahia, si kwa kuulizwa kitenzi kiko wapi. Miradi huisha, na vitabu vikipita mikononi mwa wanafunzi miaka kadhaa huisha pia. Hakuna ubaya katika kitabu kuchakaa kwa kusomwa. Ubaya ni kutoletwa kingine.

Nilipofika sekondari mimi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakukuwa na sanduku. Kulikuwa na jedwali la tensi. Mwalimu alichora mistari ubaoni, akazipanga tensi kumi na mbili, sisi tukanakili, na kesho yake tukanakili mazoezi: jaza nafasi, chagua A, B, C au D, geuza sentensi iwe ya kutendwa. Nilizipenda, nakiri, zina utamu kama fumbo la maneno. Darasani kwetu kulikuwa na vijana waliokuwa wakijaza nafasi ishirini bila kukosa, halafu ukiwapa aya moja ya gazeti la Kiingereza wanakwama mstari wa pili. Katika fasihi ndiyo kulikuwa na kituko chenyewe. Kwenye orodha ya vitabu vya kidato cha tatu na nne kulikuwa na Is It Possible? cha Henry ole Kulet na A Wreath for Fr. Mayer cha S. N. Ndunguru. Nakala ya riwaya yenyewe ilikuwa moja, ya mwalimu. Sisi tulikuwa na pamfleti: muhtasari, maudhui, wahusika na sifa zao, majibu ya kukariri. Mtu alipata alama B ya fasihi na hajawahi kuona sentensi ya kwanza ya riwaya.

Wengi huwalaumu walimu hapo. Mimi nadhani tatizo lilikuwa la uchumi zaidi kuliko la ualimu. Sarufi ni somo la bei nafuu. Inahitaji ubao, chaki, na mtu mmoja mwenye kitabu. Kusoma kunahitaji vitabu arobaini kwa watoto arobaini, kabati la kuvitunzia, na kipindi ambacho mwalimu ananyamaza. Kisha mtihani nao unapenda sarufi, maana inasahihishika upesi. Kuanzia 2004, mpango wa maendeleo ya sekondari ulipoleta shule za kata, wanafunzi waliongezeka haraka kuliko kitu kingine chochote. Walimu walitafutwa kwa pupa. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, wakaingia darasani, na mtaa ukawabatiza "voda fasta", kama ile vocha ya simu. Kijana wa namna hiyo, ana umri wa miaka 20, mbele yake watoto zaidi ya 60, nyuma yake ubao. Angefundisha nini kama si tensi?

Tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Wavietnam, ambao tunawajua zaidi kupitia Halotel, mtandao wa kampuni yao ya Viettel ulioanza huduma hapa nchini 2015, nao wanalia na Kiingereza. Baada ya mageuzi yao ya uchumi ya 1986, Kirusi kikapungua shuleni mwao na Kiingereza kikashika nafasi. Nao wana mazoezi ya kuchagua A hadi D yasiyokwisha, aya fupi na maswali chini yake, na vijana wanaojua kanuni zote lakini ulimi mzito. Tofauti ni moja, nayo ndiyo inayoniuma. Kijana wa Hanoi akifeli Kiingereza, amefeli Kiingereza. Fizikia amesoma kwa Kivietnam, historia kwa Kivietnam, anarudi nyumbani na masomo yake mengine salama. Kijana wa Tunduma akifeli Kiingereza, amefeli vyote, hata jiografia ya Songwe, mto anaouvuka akienda kwa bibi yake.

Na Tunduma ndipo mahali ambapo mtu angedhani Kiingereza kingejifundisha chenyewe. Hapana. Barabara hii inakwenda hadi Lubumbashi, na Lubumbashi wanaongea Kiswahili. Dereva wa Kongo, kondakta wa kwetu na mama wa Nakonde anayeuza mchele wanaelewana kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kibemba na Kinyamwanga. Wabadilisha kwacha wanahesabu kwa lugha yoyote utakayokuja nayo. Kiingereza cha Tunduma hakisikiki sana. Kinasomwa. Kiko kwenye ankara, kwenye orodha ya mzigo, kwenye cheti cha asili ya bidhaa, kwenye kibali cha kusafirisha mahindi na kwenye fomu za kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu Oktoba 2019. Anayeweza kusoma karatasi ile mpaka chini, pamoja na yale maandishi madogo, anaweza kuajiriwa kwa wakala wa forodha, ofisini, kivulini. Asiyeweza anamlipa mtu amsomee, na anaamini atakachoambiwa. Nimewahi kumwona mfanyabiashara wa mpunga akilipa mara mbili kwa kitu kimoja kwa sababu hiyo, na alikuwa amemaliza kidato cha nne.

Sera ya elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, iliacha mlango wazi kwa lugha zote mbili. Hata hivyo sekondari bado ni ya Kiingereza. Kwa hiyo kila mwaka, watoto wa darasa la saba wakimaliza mtihani wao Septemba, mabango ya "Pre-Form One" yanachomoza Tunduma, Vwawa na Mlowo kama uyoga. Wazazi wanalipa, na miezi mitatu inatumika kumfundisha mtoto tensi.

Desemba iliyopita nilikaa nyuma katika darasa mojawapo, kwenye chumba cha duka kisicho na bidhaa. Mwalimu alikuwa msichana aliyehitimu chuo na bado anasubiri ajira. Saa ya kwanza ilikuwa jedwali, lile lile. Saa ya pili akatoa simu, akaanza kuwasomea Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, ukurasa kwa ukurasa, akiandika ubaoni maneno magumu tu. Watoto wa mji wa malori, na kitabu juu ya mwanamke anayeendesha basi. Alipofika mahali fulani akazima skrini kuokoa chaji. Darasa zima likaguna, na mvulana mmoja akauliza, kwa Kiswahili, kama anaweza kurushiwa kile kitabu kwenye simu ya mama yake.