Uniti za LUKU, seva na ukame wa 2006

Ukipiga picha viboko wa Ziwa Babati ukaihifadhi mtandaoni, picha hiyo inakwenda kukaa kwenye seva ndani ya kituo cha data kinachokula umeme usiku na mchana. Kinatoa hewa ukaa kiasi gani?

Mwaka 2007 shirika la The Green Grid lilianza kueneza kipimo cha PUE: umeme wote wa kituo, viyoyozi vikiwemo, ugawanye kwa umeme wa kompyuta pekee. Ni rahisi, ndiyo maana kimependwa. Lakini PUE haiulizi umeme umetoka wapi.

Sisi swali hilo tulishaulizwa na ukame. Mwaka 2006 maji yalipungua Mtera, mgao ukaingia, mwenye jenereta akawasha. Sasa piga hesabu nami: seva za kilowati 100, PUE 1.5, kwa saa moja ni uniti 150, uniti zilezile za LUKU yako. Jenereta inayotoa uniti 3.5 kwa lita itachoma dizeli lita 43 hivi. Kila lita hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, jumla kilo 116. Umeme wa maji ukirudi, jenereta inazimwa, moshi unakwisha, na PUE iko palepale 1.5!

Leo tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, na nyaya za gridi kutoka Singida zinapita hapa Babati kwenda Arusha. Mitambo ya gesi nayo bado ipo. Kwa hiyo mtu akikutajia hewa ukaa ya kituo chake kwa mwaka, muulize kwanza jenereta zake zimenguruma kwa saa ngapi.