Suwa: mji wa maji moto na mabinti waliosahaulika majina

Kuna picha moja ya Japani inayozunguka sana mitandaoni. Ziwa la mviringo limetulia katikati ya milima, jua linazama, taa za mji zimelizunguka pande zote kama shanga kiunoni. Picha hiyo hupigwa kutoka bustani ya Tateishi, juu ya mji wa Suwa, mkoa wa Nagano. Mashabiki wa anime ya Your Name, ile iliyotoka mwaka 2016, hupanda pale kwa makundi kwa sababu ziwa hilo linafanana sana na lile la kwenye filamu. Wakishamaliza selfi zao wanashuka mjini, wanavua viatu na kuloweka miguu kwenye maji moto ya bure kando ya ziwa. Maisha yanakuwa matamu.

Kufika kwenyewe si kazi. Ukipanda treni ya haraka kituo cha Shinjuku, Tokyo, ni saa mbili na ushee unashuka Kamisuwa. Hata hujatoka stesheni, pale pale kwenye jukwaa la treni kuna sehemu ya kuloweka miguu. Ziwa lipo mita 759 juu ya usawa wa bahari, na mzunguko wake ni kama kilomita 16, yaani mtu wa mazoezi analimaliza kwa baiskeli asubuhi moja na bado anawahi chai. Maji moto yanatoka ardhini kila kona, mpaka chini ya ziwa lenyewe.

Ila mji huu una stori nzito, na wengi wanaopiga picha pale huondoka bila kuisikia.

Mapenzi ya miungu, yaliyoandikwa tangu 1443

Tuanze na ile tamu. Zamani, Ziwa Suwa lilikuwa likiganda lote wakati wa baridi. Usiku baridi inapozidi, barafu inajikunyata na kupasuka, maji yanapanda kwenye ufa na kuganda. Mchana barafu inatanuka tena, inakosa pa kwenda, basi inasukumana na kuinuka juu kama ukuta mdogo unaokatiza ziwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Na haifanyi hivyo kimyakimya, inanguruma.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Kando ya ziwa kuna mahekalu ya kale ya Suwa, ya juu upande wa kusini na ya chini upande wa kaskazini. Mungu wa kiume anakaa huku, mke wake anakaa kule. Ule ufa ni nyayo za mume, ametoka usiku kuvuka ziwa kwenda kumwona mkewe. Kwa Kijapani wanauita omiwatari, maana yake ni mungu kuvuka.

Sasa hapa ndipo wanasayansi walipopigwa na butwaa. Makuhani wa pale wamekuwa wakiandika kila mwaka barafu ilishika lini na ufa ulipita wapi, tangu mwaka 1443. Waliangalia njia ya ufa wakatabiri mavuno ya mwaka. Leo daftari hilo ni moja ya kumbukumbu ndefu zaidi duniani za hali ya hewa zilizoandikwa na binadamu kwa macho yake. Vita vikaja, njaa ikaja, watawala wakabadilika, kuhani akaendelea kuandika.

Shikilia hilo kichwani: mji ambao kwa karne karibu sita umeandika mienendo ya barafu. Halafu sikia kuhusu mabinti.

Hariri ilipokuwa dili

Kuanzia miaka ya 1860, Japani ilipofungua milango kwa biashara ya nje, bidhaa yake namba moja ilikuwa uzi wa hariri, na ikabaki hivyo kwa miongo kadhaa. Mteja mkubwa alikuwa Marekani, ambako wanawake wa mjini walitaka magauni na soksi ndefu za hariri. Kufikia mwaka 1909 Japani ilikuwa imeipita China kwa kuuza uzi huo nje. Pesa ya hariri ndiyo iliyosaidia kununua mashine, reli na meli za kivita. Taifa zima lilikuwa linaning'inia kwenye uzi mwembamba kuliko unywele.

Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa Okaya, ng'ambo ya Ziwa Suwa, vituo viwili tu vya treni kutoka Kamisuwa. Pale ziwa linapotoa maji kwenda mto Tenryu, viwanda vilipanga mstari kutumia nguvu ya mto. Na waliokaa kwenye mashine walikuwa wasichana, wengine wa miaka 12 au 13.

Kazi yenyewe iko hivi. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi, kisha hujifunga ndani ya kifukofuko alichosokota kwa uzi mmoja unaoweza kuzidi kilomita moja. Ili uzi ufunguke, vifukofuko vinachemshwa. Binti anakaa mbele ya beseni la maji ya moto, anatafuta ncha kwa vidole, anaunganisha nyuzi za vifukofuko kadhaa kuwa uzi mmoja na kuuvuta bila kukatika. Saa 13, wakati mwingine 14 kwa siku. Vidole vinababuka. Chumba kimejaa mvuke na harufu ya wadudu waliochemshwa, nguo zinalowa, usiku bwenini wamebanana. Kifua kikuu kilipita humo kama moto kwenye nyasi kavu.

Mshahara nao ulikuwa na ujanja wake. Fungu la kuwalipa wote lilipangwa kabla. Uzi wa kila mmoja ulipimwa, kisha mabinti wakawekwa madaraja. Aliyefanya vizuri aliongezewa, na nyongeza yake ilitoka kwa aliyefanya vibaya. Yaani shoga yako mnayelala mkeka kwa mkeka ndiye huyo huyo mnayenyang'anyana naye riziki. Mkataba wenyewe hata hakuusaini yeye. Alisaini baba, akachukua pesa ya mwanzo, binti akaenda kuilipa kwa vidole.

Na bado walikuwepo waliotoboa. Binti aliyefikisha yeni 100 kwa mwaka aliitwa binti wa yeni mia, na kijijini kwao lilikuwa jina la heshima. Kwa mkulima maskini wa milimani, pesa hiyo ilimaliza madeni na ilinunua shamba.

Njia ya Nomugi

Wengi walitoka Hida, ng'ambo ya milima, katika mkoa ambao leo ni Gifu. Hakukuwa na treni ya kuwafikisha. Walitembea zaidi ya kilomita 100, wakapita kilele cha Nomugi chenye urefu wa mita 1,672. Mwisho wa mwaka walirudi nyumbani na mshahara wao, theluji ikiwa magotini, wakishikana wasiteleze bondeni. Mwaka mpya ukipita, safari ya kurudi kazini inaanza.

Mwaka 1909 binti mmoja wa miaka 20 aliugua sana kiwandani Okaya. Kwao wakapelekewa habari waje wamchukue. Kaka yake akaenda, akamweka mgongoni na kuanza kupanda naye milima kurudi nyumbani. Walipofika kileleni Nomugi, mahali ambapo mtu anaanza kuiona Hida, dada akakata roho. Leo juu pale kuna sanamu ya kaka aliyembeba dada yake.

Stori hiyo ingepotea kama nyingine nyingi. Iliokolewa na mwandishi mmoja aliyezunguka vijijini miaka ya 1960, akakaa na mamia ya bibi vizee waliowahi kufanya kazi hiyo na kuwasikiliza. Kitabu chake kilitoka 1968, filamu ikafuata 1979, na Japani nzima ikalia.

Lakini kuna kitu kilichowashangaza wasomaji. Wengi wa bibi hao hawakusema walikuwa watumwa. Walisema chakula cha kiwandani kilizidi cha nyumbani, kwamba kule kwao wali ulikuwa wa sikukuu. Walisema kazi ya shamba ilikuwa mbaya zaidi. Wengine walisema hawajuti. Ukisoma haraka unaweza kudhani wanawatetea matajiri. Ukisoma polepole unaona jambo jingine: kama beseni la maji ya moto kwa saa 13 lilikuwa nafuu, basi huko walikotoka hali ilikuwaje? Ni hesabu ile ile ya mtu anayeenda kubeba boksi ughaibuni, anapiga picha za kucheka, na nyumbani wanaona pesa tu.

Na wasidhaniwe walikuwa kondoo. Agosti 1927, katika kiwanda kimoja kikubwa cha Okaya, wanawake zaidi ya 1,000 waligoma. Walitaka chama chao kitambuliwe, wakataka mshahara na chakula bora. Mwenye kiwanda akafunga jiko na kuwafungia nje ya mabweni. Baada ya wiki tatu hivi mgomo ukavunjika, mabinti wakarudi makwao mikono mitupu. Ulikuwa miongoni mwa migomo mikubwa ya wanawake nchini Japani kabla ya vita.

Bafu la watu elfu

Mwaka uliofuata, 1928, upande wa Kamisuwa, likafunguliwa jengo la Katakura-kan. Familia ya Katakura, matajiri wa kampuni nyingine kubwa ya hariri, ililijenga baada ya mkuu wake kuzunguka Ulaya na Amerika na kuvutiwa na sehemu za mapumziko walizojengewa wananchi wa kawaida kule. Ukiliona kwa nje utadhani ni jumba la Ulaya limepotea njia. Ndani kuna bafu la mawe linaloitwa bafu la watu elfu.

Elfu ni chumvi, wanaoenea ni kama mia. Lakini cheki lilivyo: kina chake ni mita 1.1, kwa hiyo watu wanaoga wamesimama, maji yamefika kifuani, chini miguu inakanyaga kokoto. Ukisimama, watu wengi wanaingia kwa mara moja. Wenyeji wanalieleza hivyo, kwamba ni bafu la kupokea umati wa wafanyakazi na wakazi, si la tajiri mmoja kujinyoosha.

Hariri yenyewe haikudumu. Uchumi wa Marekani ulipoanguka 1929, bei ya uzi ikaporomoka. Muongo mmoja baadaye nailoni ikaingia kwenye soksi. Wakati wa vita na baada yake, viwanda vya vifaa vidogo vya ufundi vilishika nafasi bondeni: kamera, lenzi, saa. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa duniani, Seiko Astron ya Desemba 1969, ilibuniwa Suwa. Kazi ya vidole vyepesi na macho makali iliendelea, ila sasa bila mvuke.

Leo Katakura-kan imehifadhiwa kama urithi wa taifa, na bado ni bafu la umma. Mtu yeyote analipa na kuingia, wanawake kwao, wanaume kwao, nguo zote chini. Sheria ni moja: jioshe kwanza kwa sabuni, ndipo uingie kwenye maji. Kule Okaya kuna makumbusho ya hariri yenye kiwanda kidogo kinachofanya kazi ndani yake. Mgeni anasimama hatua chache tu kutoka kwa mafundi, anaona vifukofuko vinavyocheza kwenye maji ya moto na vidole vinavyotafuta ncha.

Na lile daftari la barafu? Bado linaandikwa. Kila Januari kuhani na wazee hutoka alfajiri kupima baridi ziwani. Katika miaka 250 ya mwanzo, ziwa lilikosa kuganda mara tatu tu. Kati ya 1955 na 2004 lilikosa mara 12. Ule ufa wa mungu ulionekana 2018, kisha hadi 2025 ikapita misimu saba mfululizo bila kitu. Mwaka ambao ziwa halikuganda, kuhani naye anauandika: bahari wazi.

Ukienda Suwa, picha ya Tateishi piga, nani atakukataza. Halafu panda treni vituo viwili hadi Okaya kabla hujaingia bafuni. Ukirudi jioni ukasimama kwenye yale maji moto, kokoto zikikukanda nyayo, utakuwa unajua kwamba kuna mabinti waliokaa kando ya ziwa hili, mikono yao ndani ya maji ya moto kutwa nzima, na hakuna aliyekuwa na daftari la kuandika walivuka lini.