Farasi Mweupe wa Uffington

Kila nchi ina alama zake: hapa mlima, pale mto au mti mkubwa. Huko kusini mwa Uingereza wako watu ambao alama yao ni farasi. Amechorwa ubavuni mwa kilima, karibu na kijiji cha Uffington. Urefu wake ni mita 110 hivi, naye ni mweupe katikati ya majani mabichi. Hata bonde lililo chini yake linaitwa Bonde la Farasi Mweupe.

Nani alimchora? Watu wengi walisimulia kwamba ni mfalme Alfred, kwa kukumbuka ushindi juu ya Wadani mwaka 871. Lakini udongo wenyewe ulitoa ushuhuda mwingine. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipima udongo wa mahali pale, wapate kujua ulifunikwa lini usionwe tena na jua. Wakaona kwamba farasi alitengenezwa kati ya mwaka 1380 na mwaka 550 mbele ya Kristu. Basi Alfred alipozaliwa, farasi alikuwa mzee tayari.

Sasa tutazame jambo la kustaajabisha. Nyumba ya mawe ikiachwa peke yake, kuta zake husimama siku nyingi. Farasi huyu sivyo. Watu wa kale walichimba mitaro, wakaijaza chaki iliyopondwa, ndilo jiwe jeupe laini la kilima kile. Mvua huleta udongo, majani hutambaa toka kila upande. Asipopaliliwa, atapotea. Kumbe, wafalme walipita, lugha na dini zikabadilika, lakini kila kizazi kilipanda kilima na kumsafisha!

Zamani kazi hiyo ilikuwa sikukuu: majirani walipalilia, kisha wakala, wakanywa, wakashindana mieleka. Sikukuu kubwa ya mwisho ilifanyika mwaka 1857. Wakati wa vita kuu ya pili farasi alifunikwa, ili ndege za Wadachi zisijue njia kwa kumwona. Vita ilipokwisha, akafunuliwa. Na mwaka 2024 ilibidi kumtengeneza tena, maana majani yalikuwa yamemla, hasa kichwani na shingoni. Leo watu wa kujitolea hupanda na nyundo, wakaponda chaki mpya.

Tunapenda kusema: «Hiki ni cha wazee wetu.» Vema. Lakini tuulizane pia: leo nani anakipalilia?