Mali Bila Daftari

Ninacho kiwanja kitupu Makambako. Kila mwaka nasema nitajenga, na kila mwaka majani hunishinda. Asubuhi moja jirani yangu wa pale, mama anayeuza mboga, alinipigia simu: "Mwalimu, kuna watu wanachimba kwako. Wana na mashine." Nikapanda basi kutoka Njombe, safari ya kilomita 60 hivi, nikiwa nimekasirika njia nzima.

Niliwakuta vijana watatu. Mmoja alikuwa akipitisha juu ya nyasi chombo chenye mpini mrefu na duara chini, mithili ya mtu anayefagia uwanja. Wakaacha kazi na kuniamkia, "Shikamoo mzee." Niliitikia, kisha nikawauliza wamepoteza nini pale. Hawakunificha. Walikuwa wakitafuta rupia za Mjerumani. Waliambiwa kwamba zimo, na kwamba yupo mtu mjini anayenunua moja kwa mamilioni.

Uvumi huo si mgeni nchini mwetu. Wapo waliouza ng'ombe ili wakodi mashine, na wapo waliochimba mashimo marefu kuliko kaburi. Lakini mashine yenyewe haina uganga. Umeme unaozunguka katika lile duara hutoa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha metali huamsha umeme kidogo ndani yake, na mashine ikaunasa na kulia. Hailii kwa sababu ya thamani wala umri. Kizibo cha soda huiliza kama fedha. Tena sarafu ndogo ikizidi kina cha dhiraa moja haisikiki kabisa, kwa hiyo anayechimba mita tatu kwa kuiamini mashine ya namna ile anachimba uvumi tu.

Nikaomba wanionyeshe walichopata. Palikuwa na visoda, misumari, kipande cha jembe, senti 10 yenye tundu ya wakati wa Mwingereza, na kijisarafu cha shaba kilichoota ukungu wa kijani. Nilikisugua kwa kidole. Upande mmoja palikuwa na taji, jina la koloni kwa Kijerumani, na mwaka 1910. Upande wa pili, ndani ya shada la majani: heller 1.

"Siyo rupia?" akauliza yule kiongozi wao. Nikamwambia siyo, hizi 100 ndizo zilizofanya rupia moja. Uso wake ukaanguka.

Nikakaa juu ya tofali nikawaeleza. Kampuni ya Wajerumani ndiyo iliyoanza kutoa rupia zake mwaka 1890, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikabadili hesabu, ikaleta heller. Watu wetu wakaitamka kwa namna yao, na mpaka leo tunasema "sina hela" bila kujua kwamba tunamtaja Mjerumani. Vita vilipowafungia njia ya bahari, mwaka 1916 waligonga sarafu zao wenyewe huko Tabora katika karakana ya reli: heller za shaba nyeupe na shaba nyekundu, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Huenda hizo za dhahabu ndizo zilizozaa uvumi wa mamilioni. Waingereza walileta shilingi mwaka 1921, na fedha za Mjerumani zikabaki vyunguni na ardhini.

Lakini kwa babu zetu sarafu hizi hazikuwa hazina. Zilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, baadaye serikali ikataka fedha. Mtu wa Ubena ambaye shamba lake lilimlisha bila fedha yoyote alilazimika kuondoka nyumbani kwenda kuzitafuta. Rupia 3 ni heller 300. Babu yangu alisema zilihesabiwa usiku, moja moja, mlango umefungwa. Basi aliyeangusha hii ya 1910 hakuangusha pambo. Labda alirudi kuitafuta kwa magoti.

Hapo ndipo aibu yangu iliponijia. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mtoto mmoja aliniletea rupia aliyoiokota katika mahame ya bibi yake. Nilimsifu mbele ya shule nzima, nikaitia rupia katika kopo. Wengine wakafuata. Leo kopo hilo lina sarafu kumi na moja, na siwezi kusema hata moja ilitoka wapi, wala nani aliileta. Niliyekuwa nikifundisha historia niling'oa ushahidi kutoka ardhini nikabakiwa na vipande vya metali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sarafu za Mjerumani zimekuja baadaye. Kumbukumbu yake imeachiwa watu kama mimi, na mimi sikuandika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani ni neno la wenye maduka.

Niliwaomba vijana wanionyeshe mahali hasa ilipotoka. Walicheka kidogo, lakini walinionyesha. Nikapima hatua: kumi na nne kutoka barabarani, sita kutoka mti wa mparachichi, kina cha kiganja kimoja. Niliandika tarehe, nikaandika pia ile senti 10 na pale ilipolala. Kisha niliwataka wafukie mashimo yote, nao wakafukia.

Heller ile walikwenda nayo. Yule kiongozi alitaka kumwonyesha mama yake. Ningeweza kumkatalia, kiwanja ni changu. Sikumkatalia. Kwa hiyo nyumbani ninalo kopo la sarafu zisizo na habari, na ninao ukurasa mmoja wenye habari ya sarafu ambayo sinayo. Nikiulizwa nichague kimoja cha kuwaachia wajukuu, nitawaachia ule ukurasa.